Kifurushi cha zana za kuandikia programu: nitumie kisakinishi cha aina gani kwa maabara zisizo na intaneti ya kutosha?

Mkufunzi_Kisumu

Hamjambo wanajukwaa.

Ninafundisha uandishi wa programu za mikrokontrola (chipu zenye kompyuta ndogo ndani yake) katika chuo cha ufundi hapa Kisumu. Pamoja na wenzangu wa Kakamega na Nakuru tumekubaliana kwamba kuanzia mwaka ujao wanafunzi wetu wote watatumia zana zilezile, za toleo moja. Kwa sasa kila mmoja hupakua anachokutana nacho kwanza mtandaoni, na mwalimu hutumia nusu ya kipindi akitafuta kwa nini msimbo unaokubali kwenye mashine hii unakataa kwenye ile. Kazi ya kuzifungasha zana hizo nimepewa mimi. Ndani ya kifurushi kutakuwa na kompaila ya GCC (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya chipu za AVR, ambazo ni aina ya mikrokontrola, maktaba ya avr-libc yenye funksheni za kawaida za lugha ya C, GNU Make inayoiita kompaila kwa mpangilio, programu ya avrdude inayopeleka msimbo kwenye bodi, kihariri kimoja chepesi, mifano ya mazoezi, na mwongozo tuliouandika wenyewe kwa Kiswahili.

Mazingira ni haya. Mashine nyingi za maabara zinatumia Windows 10 na chache zinatumia Windows 11. Intaneti ipo, lakini haitoshi maabara nzima kupakua kitu kikubwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo kifurushi kitasambazwa kwa flashi. Nenosiri la msimamizi analo fundi wa maabara peke yake, na katika chuo kimoja mashine zimewekewa programu inayozirudisha kwenye hali ya awali kila zinapowashwa, hivyo anachosakinisha mwanafunzi jioni hakipo tena asubuhi. Zaidi ya hao kuna wanafunzi wenye kompyuta zao, ambao lazima waweze kusakinisha nyumbani bila mtu wa kuwaelekeza.

Nimesoma habari za WiX, Inno Setup na NSIS, ambazo ni zana za kutengenezea visakinishi, na za MSIX, ambayo ni muundo wa vifurushi vya Windows. Kila moja ina watu wanaoisifu, lakini sifa nyingi nilizosoma zinahusu programu ya kawaida ya ofisini, yenye faili chache na ikoni moja ya kubofya. Kompaila haiko hivyo. Ina maelfu ya faili ndogo, inaitwa na programu nyingine badala ya kubofywa na mtu, na huenda matoleo yake mawili yakahitajika kukaa pamoja kwenye mashine moja. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kufungasha zana za namna hii: nichague kipi, na ninapochagua niangalie nini zaidi?

FundiMaabara_Njoro

Mwalimu, pokea salamu kutoka Njoro. Mimi ni mmoja wa hao wenye nenosiri, kwa hiyo nitasema kwa upande wa anayesakinisha kwenye mashine nyingi, ambao mara nyingi husahauliwa na anayefungasha. Kwa upande huo chaguo langu ni MSI iliyotengenezwa kwa WiX.

MSI, aina ya faili ya kusakinishia programu kwenye Windows, ni hifadhidata. Ndani yake kuna majedwali yanayotaja kila faili, kila ufunguo wa rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) na mahali pa kila kimoja, na kazi ya kusakinisha hufanywa na Windows Installer, huduma ambayo imekuwa ndani ya mfumo wenyewe tangu Windows 2000. Kwa sababu hiyo, nikipewa MSI yoyote, hata kama simjui aliyeitengeneza, najua amri ni ileile: `msiexec /i`, kisha jina la faili, kisha `/qn` ili isiulize maswali, na `/l*v` ili iandike kumbukumbu ya kila hatua. Ikirudisha 0 kazi imekwisha. Ikirudisha 3010 kazi imekwisha lakini mashine inahitaji kuwashwa upya. Kwa visakinishi vya EXE ni lazima nitafute kwanza kila mtengenezaji alichagua swichi gani (maneno yanayoongezwa kwenye amri), na vingine havina kabisa njia ya kusakinisha kimya. Maabara ikiwa ndani ya domeini, yaani mtandao wa Windows unaosimamiwa kutoka mahali pamoja, MSI inaweza kupelekwa kwenye mashine zote kupitia Group Policy (mipangilio inayotumwa na seva kwa mashine zote) bila mimi kuigusa hata moja, na njia hiyo haipokei EXE.

Jambo la pili ni umeme. Walio karibu na ziwa wanazijua mvua za radi za alasiri kuliko mimi. Windows Installer hufanya kazi kwa muamala: kabla ya kuibadilisha au kuifuta faili huweka nakala yake pembeni, na usakinishaji ukishindikana katikati hurudisha mashine ilivyokuwa. Stima ikipotea kabisa, huduma hiyo huikumbuka kazi iliyokatika, na msimamizi anapoanza kusakinisha tena huishughulikia kwanza.

Sitaficha ugumu wake. WiX huandikwa kwa XML, na kwa maelfu ya faili ulizonazo sheria za komponenti zingekuchosha, kwa maana kila faili inatakiwa kuwa komponenti yake yenye kitambulisho kisichobadilika. Hata hivyo, tangu toleo la 5 la mwaka 2024 unaweza kutaja folda nzima kwa elementi moja iitwayo Files, na WiX yenyewe ikazitengeneza komponenti hizo. Fahamu pia kwamba kuanzia toleo la 6 la mwaka 2025, wanaojipatia mapato kwa kutumia WiX wanatakiwa kulipa ada ya matunzo, ingawa msimbo wake bado uko wazi.

Mfungashaji_Kakamega

Ndugu Fundi ameieleza MSI vizuri, na mtu anayesimamia domeini ana kila haki ya kuidai. Mimi ninaomba tumtazame zaidi mwanafunzi aliyeko nyumbani Mumias au Ahero na kompyuta ya kuazima, ambayo nenosiri la msimamizi analo mwenyewe aliyemwazima. Huyo ndiye atakayekupigia simu usiku, Mwalimu.

Tazama kwanza zana ambazo waandishi wa programu huzitumia kila siku zimefungashwaje. Node.js na Go hutolewa kwa MSI zinazotengenezwa kwa WiX. Python iliachana na MSI moja kubwa kuanzia toleo la 3.5 na kuhamia kwenye EXE ya WiX inayobeba MSI ndogo kadhaa ndani yake, ikiwa na njia ya kusakinisha kwa mtumiaji mmoja bila ruhusa za msimamizi. Git for Windows hutumia Inno Setup. Visual Studio Code nayo hutumia Inno Setup, na hutolewa kwa namna mbili, moja ya mfumo mzima na nyingine ya mtumiaji mmoja. Ninaposoma orodha hiyo, ninaona kwamba kila kundi lilijiuliza kwanza ni nani atakayekaa mbele ya mashine siku ya kusakinisha, na ana ruhusa gani.

Kwa hali yako ningechukua Inno Setup. Iko tangu 1997, faili yake ya maelekezo ni maandishi ya kawaida ambayo mwenzako anaweza kuyasoma na kuyarekebisha baada ya wewe kuhamishwa, na hubana faili kwa mbinu ya LZMA2, ambayo kwa faili nyingi ndogo zinazofanana hubana vizuri kuliko kabati (faili zilizobanwa) za MSI. Kwa kifurushi cha flashi hilo lina uzito wake. Ukiandika `PrivilegesRequired=lowest` haitadai nenosiri la msimamizi. Ndugu Fundi naye hatakosa haki yake, kwa sababu visakinishi vyote vya Inno vina swichi zilezile: `/VERYSILENT`, `/SUPPRESSMSGBOXES`, `/NORESTART`, `/LOG` na `/DIR`.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa kompaila lina uzito kuliko jina la kisakinishi, nalo ni mahali utakapoiweka. Kisakinishi cha mtumiaji mmoja kwa kawaida huweka programu ndani ya `AppData\Local\Programs`, na folda hiyo iko ndani ya folda ya mtumiaji. Chukua mashine ambayo akaunti yake inaitwa Maabara Moja. Anwani ya kompaila itakuwa `C:\Users\Maabara Moja\AppData\Local\Programs` na kuendelea. GNU Make hutumia nafasi kutenganisha jina moja na jingine, kwa hiyo ikikutana na anwani hiyo huona vitu viwili: cha kwanza `C:\Users\Maabara`, na cha pili `Moja\AppData` na yanayofuata. Hakuna kati ya hivyo kilichopo kwenye diski. Mwanafunzi ataambiwa faili haipatikani, naye anaiona kwa macho yake kwenye folda. Ukikimbilia `C:\Program Files` hujaokoka, kwa sababu nayo ina nafasi katikati ya jina. Ndiyo maana ningeiweka zana yote kwenye folda fupi ya mzizi, kwa mfano `C:\ZanaAVR`, ambapo kwa mipangilio ya kawaida ya Windows hata mtumiaji asiye msimamizi anaruhusiwa kuunda folda. Ufupi wa jina unasaidia pia kwenye kikomo cha herufi 260 cha anwani za faili, ambacho Windows 10 iliruhusu kuondolewa tangu toleo la 1607, lakini kwa sharti kwamba rejista ibadilishwe na programu yenyewe iwe imeandikwa ikiukubali uondoaji huo.

Usimwamini mtumiaji kuacha folda uliyompendekezea. Inno Setup ina sehemu ya msimbo wa Pascal, na ndani yake kuna funksheni iitwayo `PrepareToInstall`. Iandike ichunguze kama anwani iliyochaguliwa ina nafasi, na kama ipo irudishe sentensi ya Kiswahili inayoeleza tatizo. Usakinishaji utasimama hapo kabla ya faili hata moja kunakiliwa. Hufanya kazi hata kwenye usakinishaji wa kimya, na fundi ataona kisakinishi kimerudisha 7.

Halafu kuna usasishaji. Inno Setup huweka faili mpya juu ya za zamani, lakini faili iliyokuwepo katika toleo lililopita na ambayo haimo katika toleo jipya hubaki palepale usipoagiza ifutwe. Kwa kihariri hilo halina madhara makubwa. Kwa kompaila ni hatari, kwa kuwa faili ya kichwa (ile yenye matangazo ya funksheni, inayosomwa wakati wa kukompaili) iliyobaki kutoka toleo la zamani inaweza kusomwa na kompaila mpya, na msimbo ukakubali huku ukitoa matokeo ya ajabu. Weka kila toleo kwenye folda yake yenye namba, na usiruhusu toleo jipya lisakinishwe juu ya la zamani. Hapo umejibu pia hoja yako ya matoleo mawili kukaa pamoja.

Kuhusu MSIX nitasema kidogo tu. Lazima isainiwe, huwekwa kwenye folda ambayo mtumiaji haruhusiwi kuandika ndani yake, na uandishi wake kwenye rejista na kwenye baadhi ya folda huelekezwa pembeni. Kwa programu inayojitegemea huo ni usalama mzuri, lakini kwa kompaila inayoitwa na Make, ambayo nayo inaitwa na kihariri, utaongeza maswali kuliko majibu.

FundiMaabara_Njoro

Ndugu wa Kakamega, hoja ya nafasi kwenye jina nimeikubali bila pingamizi, lakini folda ya mzizi ina tatizo ambalo hujalitaja. Folda inayoundwa moja kwa moja chini ya `C:\` hurithi ruhusa zinazomwezesha kila mtumiaji aliyeingia kwenye mashine kubadilisha yaliyomo. Nyumbani sawa. Maabarani, mwanafunzi wa asubuhi anaweza kuiondoa `avr-gcc.exe` na kuweka kitu kingine chenye jina hilohilo, na mwanafunzi wa mchana akakiendesha bila kujua. Kompaila ndicho kitu ambacho sitaki kichezewe, kwa sababu kila kinachotoka humo kinaaminiwa.

Kwa hiyo Mwalimu atenganishe hali mbili. Kisakinishi kikiendeshwa bila ruhusa za msimamizi, kiache folda kama ilivyo. Kikiendeshwa na msimamizi, kiite `icacls`, amri ya Windows ya kupanga ruhusa za faili, baada ya kunakili, kikate urithi wa ruhusa, na kiwaachie watumiaji wa kawaida kusoma na kuendesha tu. Kompaila haihitaji kuandika ndani ya folda yake. Kazi za wanafunzi zibaki kwenye folda ya Documents. Hata kama anwani ya huko ina nafasi, Makefile (faili ya maelekezo ya Make) iliyoandikwa kwa anwani za kuanzia pale ilipo, bila kutaja anwani nzima kuanzia `C:`, itapita salama.

Kwa chuo chenye programu ya kurudisha hali ya awali hakuna njia ya mkato: fundi aizime ile kinga, asakinishe, ajaribu, kisha airudishe. Hilo lipangwe kabla ya muhula kufunguliwa.

FundiBodi_Kondele

Mwalimu, ninatengeneza na kuuza bodi hizi hapa Kondele, nami nina neno moja. Bodi nyingi za bei nafuu ambazo wanafunzi hununua zinatumia chipu ya CH340 kuunganisha USB, na zinahitaji draiva. Kompyuta iliyo kwenye intaneti mara nyingi hujipatia draiva hiyo kutoka Windows Update, lakini isiyo na intaneti haitaipata, na avrdude haitaona bodi hata kama kompaila yako imekaa vizuri kabisa. Kusakinisha draiva kunahitaji msimamizi, na hakuna kisakinishi kitakachokukwepesha hapo. Iweke draiva kwenye folda yake ndani ya flashi, na umwandikie fundi amri: `pnputil /add-driver CH341SER.INF /install`. Usiifunge pamoja na kompaila, la sivyo kifurushi chote kitadai nenosiri kwa ajili ya faili chache za draiva.

Msanidi_Nakuru

Nimefuata mjadala huu kwa makini, na ninaunga mkono Inno Setup. Ninachotaka kuongeza ni kuhusu PATH, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu inapoitwa kwa jina, kwa sababu hapo ndipo visakinishi vya zana za programu huharibu mashine za watu.

Mwongozo mwingi wa mtandaoni humwambia mwanafunzi aongeze kompaila kwa amri ya `setx PATH "%PATH%;C:\ZanaAVR\bin"`. Amri hiyo hukata maandishi yanayozidi herufi 1024. Tena, `%PATH%` inayosomwa kwenye dirisha la amri ni muungano wa PATH ya mfumo na ya mtumiaji, kwa hiyo yote mawili huandikwa kwenye PATH ya mtumiaji, kisha mkia ukakatwa. Mashine haitatoa kilio wakati huo. Kilio kitakuja siku nyingine, programu isiyohusika kabisa itakapokataa kufunguka. NSIS nayo katika toleo lake la kawaida ina kikomo cha herufi 1024 kwa kila mfuatano, na skripti inayosoma PATH ndefu kuliko hapo bila kuchunguza inaweza kupata kitu kitupu na kukiandika badala ya PATH nzima. Kuna toleo maalumu la NSIS la mifuatano mirefu, la herufi 8192, na atakayeichagua NSIS aanzie huko. Simkatazi mtu kuitumia, kwa maana ni nyepesi na inafanya mengi, lakini inakuachia wewe kazi ya kukumbuka mambo kama haya.

Pendekezo langu ni kwamba kisakinishi kisiguse PATH hata kidogo. Wanafunzi wengi tayari wana Arduino IDE, ambayo huja na AVR GCC yake na kuiweka ndani ya `AppData\Local\Arduino15`. Ukiongeza ya kwako kwenye PATH, itategemea ipi imetangulia, na tatizo ulilotaka kulimaliza litarudi kwa mlango wa nyuma. Tengeneza faili ndogo ya `.bat` inayoweka PATH kwa dirisha moja tu la amri, kisha uweke njia ya mkato kwenye Start inayofungua dirisha hilo likiwa tayari. Visual Studio hufanya vivyo hivyo kwa dirisha lake la amri la wasanidi. Dirisha likifungwa, mashine inabaki ilivyokuwa. Kihariri chako nacho kiite faili hiyohiyo ya `.bat` kabla ya kuita Make, ili kusiwe na njia mbili za kuipata kompaila. Kusanidua pia kutakuwa rahisi, kwa kuwa kitakachotakiwa kuondolewa ni folda moja na njia ya mkato.

Jambo la leseni usiliache. GCC iko chini ya GPL, leseni ya programu huria, toleo la 3. Unapogawa faili zake tayari kuendeshwa, unatakiwa kuambatisha leseni na kumwezesha anayepokea kupata msimbo chanzo unaolingana nazo. Kwa flashi, njia iliyo safi ni kuweka msimbo chanzo humohumo. Vinginevyo unatoa ahadi ya maandishi ya kuutoa, itakayodumu kwa muda usiopungua miaka 3. Mimi ningeuweka humo na kumaliza.

Mkufunzi_Kisumu

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Mmenisaidia kuona kwamba swali langu lilikuwa limebeba maswali matatu: nani anasakinisha, kitu kinakaa wapi, na toleo jipya linaingiaje bila kuvuruga la zamani.

Nitatumia Inno Setup. Folda itakuwa `C:\ZanaAVR`, na ndani yake kila toleo litakuwa na folda yake. Kisakinishi hakitagusa PATH, draiva itakaa kando, na ruhusa zitabanwa pale msimamizi anapoendesha. Msimbo chanzo wa GCC utaingia kwenye flashi.

Nimebaki na mambo mawili. Mwalimu mwenzetu wa Nakuru, si Msanidi aliyechangia hapa, ana maabara iliyo ndani ya domeini na bado angependa MSI. Nilitaka matoleo yetu yaitwe kwa mwaka, yaani 2026.1.0, 2026.2.0 na kuendelea, ili mwanafunzi aangalie jina na kujua kama analo la mwaka huu. Je, nikitengeneza MSI pembeni kutoka folda ileile, namba hizo zitakubalika? Pili, kifurushi chetu hakina sahihi ya kidijitali. Nimeona bei za vyeti, na bajeti yetu haifiki huko. Wanafunzi watatishwa na onyo la Windows?

FundiMaabara_Njoro

Namba hizo hazitakubalika, Mwalimu. Katika MSI sehemu ya kwanza ya namba ya toleo haiwezi kuzidi 255, na ya pili vilevile. Ya tatu inaweza kufika 65535. Tumia 26.1.0 ndani ya MSI, na jina la 2026.1.0 liandikwe kwenye jina la faili na kwenye mwongozo. Jihadhari pia na namba ya nne, kwa sababu Windows Installer hulinganisha tatu za kwanza tu. Ukitoa 26.1.0.1 na kisha 26.1.0.2, kwake hizo ni toleo moja, na usasishaji hautaenda kama unavyotarajia. Kila unapotoa kitu kipya, ongeza namba ya tatu. Ninashauri namba hizohizo zitumike kwenye Inno Setup, ili fundi na mwalimu wakizungumza kwa simu wawe wanataja kitu kimoja.

Mfungashaji_Kakamega

Nijibu la sahihi. Tangu tarehe 1 Juni 2023 ufunguo wa cheti cha kusainia programu ni lazima utunzwe kwenye kifaa maalumu cha usalama, na hilo limeongeza gharama na usumbufu kwa vikundi vidogo kama chenu. Kwa usambazaji wa flashi, hata hivyo, onyo la SmartScreen (kinga ya Windows dhidi ya programu isizozijua) kwa kawaida halitokei. Onyo hilo hufuata alama ambayo kivinjari huibandika kwenye faili iliyopakuliwa, na alama hiyo huhifadhiwa na NTFS, mfumo wa kupanga faili ambao diski za Windows hutumia kwa kawaida. Faili ikipitia flashi yenye mfumo wa FAT32 au exFAT, alama haisafiri nayo. Mwanafunzi atakayepakua kutoka mtandaoni ndiye atakayeliona, na mwongozo wenu umweleze aende wapi na abofye nini.

Lakini kutokuwepo kwa onyo hakumaanishi kwamba faili ni salama, na flashi za vyuoni zinajulikana kwa kubeba virusi. Toa alama ya SHA256 ya kisakinishi (mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili ikibadilishwa), ibandike kwenye ubao wa matangazo wa kila maabara na kwenye ukurasa wa chuo, mahali ambapo mwenye flashi hawezi kuibadilisha. Anayetaka kuhakikisha ataandika `certutil -hashfile`, jina la faili, kisha `SHA256`, na kulinganisha anachokiona na kilichoandikwa ubaoni. Usiiweke alama hiyo ndani ya flashi ileile, kwa sababu anayeweza kubadilisha kisakinishi anaweza kubadilisha nayo.

Msanidi_Nakuru

Mwalimu, kabla hujagawa, jaribu kwenye mashine safi isiyo na Arduino IDE wala GCC nyingine yoyote, kwa akaunti isiyo ya msimamizi ambayo jina lake lina nafasi, intaneti ikiwa imezimwa. Kompaili zoezi la kwanza, lipeleke kwenye bodi, sanidua, kisha uangalie kama `C:\ZanaAVR` imeondoka yote. Halafu sakinisha matoleo mawili pamoja na usanidue la zamani. Hapo kumbuka kwamba kila toleo linahitaji `AppId` (kitambulisho cha programu) yake katika Inno Setup, maana ukiacha `AppId` moja, Windows itayahesabu kama programu moja na hutaweza kuliondoa moja ukabaki na jingine.

Mkufunzi_Kisumu

Hilo la `AppId` nimelipokea, na nitaweka namba ya toleo ndani yake. Nitaipakia faili ya maelekezo ya Inno Setup hapa mara nitakapomaliza majaribio ya akaunti yenye nafasi. Ndugu Fundi, nitakutumia MSI ya 26.1.0 uijaribu kwenye mashine moja ya Njoro kabla mwenzetu wa Nakuru hajaipeleka kwenye domeini.